Pumzi Imepona, Mfupa Bado: Barua kwa Vijana wa Triathloni wa Kisumu

Wanangu,

Wiki hii nimewasikia watatu wenu mlioumia mkiulizana mrudi na mashindano gani. Mmoja wenu magongo yake bado yameegemea ukuta wa sebule. Nimeona nisisubiri tukutane.

Mchezo wetu, wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, una mtego ambao mkimbiaji wa kawaida hanao. Yeye akiumia muundi hukaa nyumbani, na siku ya kurudi hana pumzi. Mizunguko miwili ya uwanja inamkalisha chini. Uchovu ule ndio unaomlinda. Lakini wewe ulikuwa bwawani, ukivuta mikono kilomita mbili huku miguu imebana boya, kisha ukakalia baiskeli. Moyo na mapafu havikupata habari kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Siku daktari anakuruhusu kukimbia, una pumzi ya kushindana kesho, na mfupa wako una miezi miwili haujabeba mzigo. Maji yanaubeba mwili, na mfupa usiobebeshwa uzito haukazi. Kano ya kisigino nayo ni nzito zaidi kupona, kwa kuwa damu inayoifikia ni kidogo.

Haya niliyalipia. Triathloni niliianza nikiwa na miaka 41, na mwaka wa tatu nikapata ufa kwenye muundi wa kushoto. Wiki ya sita maumivu yalikuwa yamekwisha. Nikatoka na baiskeli Mamboleo, nikapanda Riat hadi Kiboswa, nikateremka, nikavaa raba nijaribu kilomita nane. Tano za kwanza nilikimbia kama mtu asiyewahi kuugua. Katika ya sita nikahisi kama msumari umepigiliwa mfupani. Nilirudi nyumbani nimepakiwa kwenye bodaboda, na ule ufa ulikuwa umeshakuwa mvunjiko. Msimu ule wote ulikwenda, na nusu ya uliofuata. Mama watoto alinibebea maji ya kuoga miezi miwili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku ile sikuwa nimechoka hata kidogo.

Kwa hiyo usiiulize pumzi. Uulize mguu, tena uuulize kesho yake asubuhi, unapokanyaga sakafu kwa mara ya kwanza. Ukiamka na maumivu yaliyozidi ya jana, mazoezi ya jana yalizidi. Bonyeza mfupa kwa kidole: kama kuna sehemu moja, upana wa ukucha, inayokufanya uruke, leo hukimbii, hata kama kocha amepanga. Na ukiumwa usiku umelala tu, nenda hospitali upigwe picha.

Anza kwa kutembea nusu saa bila maumivu. Kisha kimbia dakika moja, tembea moja, juu ya nyasi, siku moja ukimbie, inayofuata upumzike. Ongeza muda kwanza. Kasi ije baadaye kabisa, na milima baada ya kasi. Mos mos, yaani polepole, kama wanavyosema majirani zetu Waluo.

Sehemu ya kuogopa kuliko zote ni kukimbia mara tu unaposhuka kwenye baiskeli. Mapaja yamechoka, hayapokei tena kishindo, na kishindo chote kinateremkia muundini. Ndipo mimi nilipoangukia. Mara ya kwanza endesha kidogo kwenye tambarare ya kuelekea Ahero, halafu ukimbie dakika kumi tu, usimame hata kama unajisikia kuruka.

Aliyeshonwa asiingie ziwani kabla kidonda hakijafunga. Pale Dunga kuna kichocho na viboko, hilo mnalijua.

Dawa za kutuliza maumivu kabla ya mashindano nazikataza, na hapa sina nafasi ya mjadala. Zinafunga mdomo wa mguu wakati mnahitaji useme, na ukizimeza kisha ukakauka maji kwa jua letu, figo zinaumia.

Binti zangu, hili nalisema kama baba. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, si dalili ya kuiva kimazoezi. Mara nyingi mwili unalishwa kidogo kuliko unavyotumika, na mifupa ndiyo inayolipa. Mwambie daktari. Kuleni ugali mshibe, na omena mzimamzima na mifupa yake, na maziwa. Wavulana nanyi mnaojinyima ili muwe wepesi mlimani, mfupa wenu haujui kwamba ninyi ni wanaume.

Najua mtaniletea mfano wa Alistair Brownlee, mwanatriathloni wa Uingereza, aliyechanika kano ya kisigino mwanzoni mwa 2012 na Agosti mwaka huohuo akatwaa dhahabu ya Olimpiki London. Nilimshangilia. Ila yule alizungukwa na wataalamu. Mtazameni David Rudisha wetu, wa mita 800. Goti lilimkosesha mashindano ya dunia ya Moscow 2013. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Glasgow, Nijel Amos wa Botswana alimpita; Rudisha akachukua medali ya fedha, akaendelea na kazi. Dhahabu ya dunia ilikuja Beijing 2015, ya Olimpiki Rio 2016. Ule mwaka wa kushindwa hakuuruka.

Basi mkirudi, rudini na mbio fupi: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 za miguu. Au muingie kama timu, wewe uogelee na kuendesha, mwenzako amalizie kwa miguu. Najua inavyouma kumkabidhi mwingine sehemu uipendayo.

Wewe wa magongo, usiyarudishe bado. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa uwanjani Mamboleo, kwenye nyasi, na saa yangu mkononi. Njoo tutembee nusu saa.

Mzee wenu