Barua ya wazi kwa wadogo zangu mnaokaribia kustaafu: hamieni padogo mkiwa na nguvu

Wadogo zangu,

Marahaba kwa wote mlioniamkia, na ambao hamjaniamkia pia. Najua wengi wenu mmebakiza miaka michache kufika 60, na wengine mnaipigia hesabu ile 55 ya hiari. Semina za wastaafu mnaitwa, mnafundishwa kufuga kuku. Mimi nataka kuwauliza jambo jingine: hiyo nyumba ya vyumba vitano uliyoijenga Goba au Kimara hapa Dar, utaishi nayo vipi ukifika miaka 75?

Nimetumikia idara ya ardhi hadi nikastaafu, na sasa nimepita sabini. Mafaili mengi ya kuuza nyumba za wazee yaliyopita mezani kwangu yalikuja kwa dharura. Baba amepooza, hospitali inadai, watoto wanataka hela wiki hiyo hiyo. Dalali naye ana pua, akishanusa dharura bei inashuka. Mwenye nyumba hana sauti tena, anasogezewa karatasi atie dole gumba. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, ambao bado mnaendesha magari yenu wenyewe.

Tazameni jinsi tunavyojenga. Kiwanja kinanunuliwa kwa mkopo wa saccos, msingi unakaa misimu miwili ukiota majani, kuta zinapanda, tunapaua, tunahamia bila dari. Vigae na rangi vinakuja miaka kumi baadaye. Siku nyumba inakamilika, kifungua mimba ameshaolewa na kitinda mimba yuko chuo Dodoma. Tumemaliza kujengea familia ambayo haipo tena. Vyumba vitatu vinafungwa kwa kufuli, ndani mna masanduku ya watoto, magodoro na kochi la zamani ambalo hakuna anayelikalia wala anayethubutu kulitoa. Na bado uzio unataka lipu, bati linavuja, pampu ya maji imeungua, gari la majitaka linasubiri malipo, mlinzi anataka mshahara, na kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU kila mwezi.

Msitegemee mkupuo wa mafao uyabebe hayo. Waliokuwa PSPF na LAPF, ile mifuko ya zamani ya pensheni, walizoea kupewa nusu ya mafao kwa mkupuo. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao, cha Julai 2022 kilianza na mkupuo wa asilimia 33, na hata baada ya kuongezwa baadaye, ile nusu haikurudi. Sehemu kubwa inakuja kidogo kidogo kama pensheni ya mwezi. Kwa hiyo nyumba ndogo ijengwe au inunuliwe ukiwa bado kazini (na wanaocheka wacheke, naongelea ya matofali).

Kama kiwanja ni kikubwa, maoni yangu ni haya: jengeni nyumba ya vyumba viwili hapo hapo uani, ile kubwa mpangishe. Majirani ni wale wale, msikiti au kanisa ni lile lile, na kodi ya mpangaji inaongezea pensheni. Lakini chukueni kibali cha ujenzi halmashauri. Na mkitaka kukigawa kiwanja ili muuze upande mmoja, mgawanyo upitie mipango miji kwanza, msikate kwa kamba na mashahidi wa mtaani. Hiyo nyumba ya uani msiitie mbwembwe. Isiwe na ngazi hata moja. Mlango wa bafu uwe mpana, choo kiwe cha kukaa chenye kishikio ukutani, na vigae vya sakafuni viwe vya kukwaruza, maana vile vinavyong'aa vimevunja nyonga nyingi. Chumba cha pili ni cha mjukuu au msaidizi, atakayelala karibu akusikie usiku. Pa kutanua ni barazani. Mzee asiye na baraza anageuka mfungwa wa televisheni.

Wanaotaka kuuza wanunue padogo, anzeni na karatasi sasa. Hati iwe kwa jina lako, siyo la marehemu baba wala la yule aliyekuuzia mwaka 1998. Kama jina ni la marehemu, mirathi ifunguliwe mahakamani na msimamizi ateuliwe. Bila hivyo humuuzii mtu kitu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mnanielewa, akina baba. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa awape bei kabla dalali hajawapa yake. Na kabla hamjaigawa hela kichwani, kumbukeni kuna kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida mnayopata mkiuza. Tunzeni risiti za ujenzi, maana hesabu ya faida inaanzia kwenye gharama zenu.

Fleti nazo zipo, na tangu sheria ya 2008 mtu anaweza kupata hati ya sehemu yake ndani ya jengo. Chukueni ya chini. Lifti ikiharibika, ghorofa ya nne ni mbali sana kwa magoti ya miaka 78. Ulizeni pia ada ya kutunza jengo kabla ya kusaini.

Kijijini? Wenzangu wa Kilimanjaro wanapapenda sana nyumbani mwezi Desemba, ndugu wote wamepanda, mbuzi anachinjwa. Nendeni mkakae Aprili, masika imekolea, barabara ni utelezi, watoto hawapo, na mwenye kisukari anatafuta dawa zake. Kaeni msimu mzima kabla hamjauza cha mjini. Na tafadhali, msijenge huko jumba jingine la vyumba sita kwa ajili ya wageni wa siku kumi za sikukuu.

Watoto waiteni mapema, wote kwa siku moja, mama yao akiwepo. Waambieni mnachokusudia, ruhusa yao hamuihitaji. Kila mmoja apewe tarehe ya kuja kuchukua masanduku yake, na ikipita, vitu vigawiwe. Atakayesema hiyo ni nyumba ya ukoo na haiguswi, muulizeni mlinzi wa mwezi huu atamlipa nani.

Mwenye swali la hati au mirathi aje na faili lake, nipo nyumbani asubuhi.

Kaka yenu,
mstaafu wa idara ya ardhi, Dar es Salaam