Hakimiliki ndefu haikumsaidia Fitzgerald

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila ikija mada ya hakimiliki utasikia watu wanasema muda uongezwe ili mwandishi afaidi, basi tumuangalie F. Scott Fitzgerald wa Marekani, yule aliyeandika riwaya ya The Great Gatsby, halafu mniambie yeye alifaidi nini.

Hela alizipata, tena nyingi, mwaka 1929 jarida la Saturday Evening Post lilikuwa linamlipa dola 4,000 kwa hadithi fupi moja tu. Ila mwaka huohuo vitabu vyake vyote kwa pamoja vikamuingizia mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwenye mauzo, wa dola 31.77! Na kutumia alikuwa anatumia kwelikweli, 1924 aliandika makala nzima kuhusu kuishi kwa dola 36,000 kwa mwaka na hazitoshi, na mikopo kwa wakala wake Harold Ober ilikuwa haiishi. Ndio maana 1937 akaenda Hollywood kuandikia filamu za MGM kwa dola 1,000 kwa wiki, angalau apunguze madeni. Akafa Desemba 1940, miaka 44, cheki yake ya mwisho ya mrabaha ilikuwa dola 13.13 na nakala za chapa ya pili ya Gatsby bado zimelala stoo kwa mchapishaji, hazina mnunuzi.

Sasa kitabu kilifufukaje? Marafiki zake kina Edmund Wilson walimpigia debe, sawa, lakini pia wakati wa Vita Kuu ya Pili wanajeshi wa Marekani walikuwa wanagawiwa vitabu vidogo vya kuweka mfukoni, na nakala za Gatsby zilizogawiwa zilipita laki moja. Zilikuwa za bure, askari hakutoa hata senti. Yaani kitabu kilichokataa kununuliwa kikapata wasomaji kwa kugawiwa, baadaye kikaingia mashuleni na hapo ndipo mauzo yakaanza kupanda mpaka leo.

Njoo kwenye sheria. Kwa sheria ya wakati kinatoka, 1925, kilikuwa na miaka 28 na ukiomba unaongezewa 28 mingine, kwahiyo 1981 kingekuwa mali ya umma, yaani yeyote anakichapa au kukitumia bila kuomba ruhusa. Bunge la Marekani likarefusha ikawa miaka 75, haikutosha, mwaka 1998 likaongeza 20 tena, ikawa 95. Kikaja kufunguliwa tarehe 1 Januari 2021, mwenyewe alishakufa miaka 80 kabla, mkewe Zelda alikufa 1948, binti yao Scottie 1986. Hiyo miaka 20 ya mwisho hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwepo kuila.

Sisemi familia isipate kitu. Scottie aliachwa na miaka 19 akiwa bado chuo, mrabaha ulikuwa haki yake kabisa, ila ile miaka 56 ya mwanzo ingemfikisha karibu na mwisho wa maisha yake. Na tangu kifunguliwe hakijaharibika, Januari hiyohiyo ya 2021 ikatoka riwaya mpya ya maisha ya Nick, yule msimulizi wa kitabu, kabla hajakutana na Gatsby, 2024 ikaja tamthilia ya muziki ya Gatsby kwenye majukwaa ya Broadway, New York, na watu bado wanasoma kitabu chenyewe.

Riwaya yake nyingine, Tender Is the Night ya 1934, kule Marekani bado imefungwa mpaka 1 Januari 2030. Anayeona muda huo ni wa haki aandike hapahapa, ila atutajie ni mwandishi gani anayelindwa.

Msomaji wenu