Barua kwa mwanangu: ile 40,000 ni ya nini?

Mwanangu,

Picha ya slipu yako nimeipata, nimeisoma mara tatu. Nimefurahi sana kuona jina lako juu ya karatasi ya mshahara. Ila ule mstari wa chini, "makato mengine 40,000", ni wa nini? Kwenye simu ulisema "nadhani ni vyombo vilivyovunjika hotelini". Nadhani si jibu, mama.

Tupige hesabu. Mshahara wako wa msingi ni 600,000, posho hakuna. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 60,000. Mwajiri anaongeza 60,000 nyingine ya kwake. PAYE, kodi ya mshahara, haipigwi kwenye 600,000, inapigwa kwenye 540,000 iliyobaki baada ya NSSF. Katika hiyo, 270,000 ya kwanza haina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. Ile 20,000 ya juu inakatwa asilimia 20, yaani 4,000. Jumla 24,000. Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000. Inauma, lakini ulisoma kwa hela hiyo, lipa. Mkononi ilipaswa kufika 426,000. Wewe umepokea 386,000.

Kwa hiyo hesabu haijakosewa, kuna mtu amekata.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mwajiri kukata kwa hasara, lakini hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Akuandikie sababu, kiasi, na jinsi alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Asikate zaidi ya hasara yenyewe, wala kuzidi robo ya mshahara wako. Sasa wewe 40,000 haifiki robo, na hapo ndipo wengi wanadanganyika: kuwa chini ya robo hakufuti yale mengine. Barua umepewa? Kama hukupewa, omba maelezo kwa maandishi, kwa adabu, na ubaki na nakala. Wakikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapo hapo Arusha, usingoje. Malalamiko ya namna hii hupelekwa ndani ya siku 60.

Mwezi ujao ukiona SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) au WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) kwenye makato yako, kataa. Hayo hulipwa na mwajiri kutoka mfukoni mwake.

Halafu slipu haina namba yako ya uanachama wa NSSF. Ulize, kisha nenda dirishani kwao uhakikishe michango imeingia, maana kukatwa na kupelekwa ni vitu viwili.

Kima cha chini cha mshahara ulichouliza hakiko kimoja, kinafuata sekta. Tafuta mstari wa hoteli kwenye amri mpya iliyoanza 1 Januari 2026, siyo ya zamani inayozunguka kwenye magrupu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Gawanya 600,000 kwa 195, ndizo saa za mwezi, unapata kama 3,077 kwa saa. Saa ya ziada ni moja na nusu, karibu 4,615. Siku ya mapumziko ni mara mbili. Andika saa zako kwenye daftari kila jioni, usitegemee kumbukumbu ya msimamizi.

Haya yote nilikuwa nayajua wakati uko nyumbani. Nimekagua slipu za watu wengi, yako nikaiacha mpaka ikakatwa. Lakini na wewe ulitia sahihi mkataba bila kunipigia.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Mama yako anasema bati la jikoni limeanza kuvuja tena upande wa mgomba, ila hilo litangoja, usitume hela. Jumamosi nitampa dereva wa Noah mkungu wa mshare na maziwa mgando, uwahi stendi kabla ya saa nane. Na unipigie picha kurasa zote za mkataba, siyo ya kwanza tu. Nataka kuona kama hiyo 40,000 imeandikwa popote.

Baba yako,
Moshi