Nimeuzunguka mji kwa miguu, somo

Somo yangu,

Hujambo na watoto wa hapo Mwanza? Bibi anaendeleaje na miguu? Sie huku wazima, mama anakusalimia sana, anasema maembe yanaanguka uani na hakuna wa kuyaokota. Nlitaka kukupigia ila hili jambo refu, bora niandike.

Unalikumbuka lile sanduku la bati la babu, lile tulilokua tunakatazwa kulikalia? Juzi tumelifungua. Ndani kanzu moja, shuka, na kipande chake, yaani kadi ya kazi ya shamba la mkonge. Kikadi chenyewe kina vijisanduku 30, ukimaliza kazi ya siku unawekewa alama, siku usiyofanya kazi kinabaki kitupu na mshahara huuoni mpaka vijae vyote 30. Jina la babu limeandikwa ovyo hata baba kashindwa kulisoma, ila namba yake imeandikwa vizuri kabisa. Ndo mana vibarua wa mkonge wakaitwa manamba! Neno hilo tulikua tunatukanana nalo shuleni somo, mi sikuwahi kukaa nikawaza kua ni babu yangu ninayemtukana.

Bas Jumapili alfajiri nikavaa raba, nikasema leo nautembea huu mji wetu wa Tanga nione babu alikopita.

Nikaanza nyumbani, barabara ya 14, ya 13, ya 12, nashuka hivo hivo, Ngamiani yetu nayo mitaa yake namba tupu. Vitumbua ndo vinatoka jikoni, wazee wako barazani na kahawa na kashata, kila nyumba salamu, mpaka nafika relini jua limeshapanda. Hapo relini nikasimama. Maana enzi za mkoloni ile reli ndo ilikua mpaka, huku sisi, kule wao, na babu alivuka hapo kila asubuhi kwenda bandarini baada ya kutoka shamba. Imeanza kujengwa hapa hapa Tanga mwaka 1893, ikaja kufika Moshi 1911. Na mwaka huohuo 1893 ndo Mjerumani Hindorf aliagiza miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Miche 62 somo! Hiyo ndo imezaa mashamba yote yale ya Muheza na Korogwe, hiyo ndo imemtoa babu Kasulu, akapanda treni mpaka Morogoro, halafu akapakiwa kwenye lori mpaka Korogwe na hajui hata anaenda kukata nini.

Bustani ya Jamhuri nlikaa sana. Umeupa mgongo mnara wa saa wa Mjerumani, mbele bahari, na kisiwa cha Toten kiko palee na magofu yake ya misikiti na makaburi (Toten kwa Kijerumani ni wafu, mi nlikua najua ni jina tu). Nikakuta mzee mmoja alikua kuli miaka ya sitini, tukaongea mpaka adhuhuri. Ananambia zamani maji ya gatini hayakua na kina, meli zinatia nanga mbali, kwa hiyo mkonge ulipakiwa kwenye matishari kwanza, unavutwa mpaka melini, ndo unapakiwa tena. Robota moja kilo 250. Wanalisukuma watu, wanaliviringisha, wanaimba ili waende pamoja, na likikuponyoka ni mguu wako au wa mwenzio. Sahivi bandari imechimbwa meli zinafunga gatini, na yeye anapenda kuja kuziangalia, anasema hachoki. Nlimtajia babu. Akanyamaza, akasema nionyeshe picha. Sina picha somo! Hatuna hata moja.

Baadae nikajikokota mpaka Raskazone. Ile vita ya Novemba 1914 si unaijua, Waingereza wameshusha watu kama 8,000 kutoka India, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000 tu, na wakapigwa wakakimbilia melini wakaacha bunduki zao. Kila mtu anasimulia nyuki. Ni kweli nyuki walitoka wakauma, wa upande huu na wa upande ule, lakini mi naona reli imefanya kazi kubwa kuliko nyuki, Waingereza walikawia baharini na huku treni zinashusha askari kutoka Moshi. Na askari wenyewe walikua Waafrika wengi, na waliokufa kule upande wa pili wengi Wahindi, waliozoea mashamba yao, hata Tanga hawajawahi kuisikia. Nlipita makaburini nikasoma majina taratibu kwa sauti ndogo, sijui kwa nini, nliona tu siwezi kupita kimya.

Sasa ombi langu. Bibi yako si alikua anapika mihogo ya nazi pale karibu na bandari, makuli wanakula kwa deni? Muulize majina yao. Kaa nae jioni akishapumzika, usimharakishe, andika kwenye daftari kila jina analokumbuka na kwao wapi, na kama kuna Muha mmoja mrefu mwenye kidole kimoja kimekatika, muulize huyo walimwitaje.

Desemba ukija tukodi baiskeli twende Machui kwenye kaburi la Shaaban Robert, kule kwa miguu sikuwezi. Na daftari uje nalo mkononi, usiliweke kwenye mzigo wa basi.

Somo yako