Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA): Mwenye shairi moja alipeleke wapi?

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari na mtunzi wa mashairi. Swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara, nami hushindwa kulijibu kwa uhakika, ni hili: mtu akishatunga shairi lake moja, likatimia vina na mizani, au akaandika hadithi fupi ya kurasa saba au nane, aipeleke wapi kazi hiyo ili isomwe na mhariri na hatimaye ichapishwe?

Mwenye mswada wa kitabu kizima ana pa kupiga hodi. Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, na mswada wake huchapishwa na kusambazwa shuleni. Kabla yake, mwaka 2014, ilianzishwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Safal-Cornell, nayo hupokea miswada ya riwaya na diwani, yaani mikusanyo ya mashairi, kutoka kwa waandishi wa nchi mbalimbali. Nazishukuru tuzo hizi kwa dhati. Hata hivyo, zote mbili zinamtaka mwandishi aliyekwisha kukomaa kiasi cha kujaza kitabu, na sijui ni vipi mtu atafika huko ikiwa hakuna mhariri aliyewahi kumrudishia shairi moja akamwonyesha ubeti unaolegea.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na magazeti. Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na ni humo wasomaji wengi walikokutana kwanza na jina la Shaaban Robert. Magazeti yaliyofuata yaliendeleza desturi hiyo, na thamani yake haikuwa katika kuchapisha tu. Mtunzi wa Tanga aliuliza swali kwa shairi, mtunzi wa Mwanza ambaye hawakupata kuonana akamjibu kwa bahari ileile, yaani aina ileile ya shairi, na vina vilevile, wa tatu akaingilia kati kuwasuluhisha, na malumbano yakaendelea huku wasomaji wakisubiri toleo linalofuata. Chini ya shairi palikuwa na jina la mtunzi, lakabu yake, sanduku lake la posta na mji wake, kwa hiyo aliyevutiwa na kazi alijua amwandikie nani. Kwa namna hiyo watu ambao hawakuwahi kukaa katika darasa la fasihi walijifunza utunzi mbele ya hadhira, wakakosolewa, wakarekebishika. Nchini Kenya, Taifa Leo limeendelea kuwatengea washairi nafasi, na wapo watunzi wa kwetu ambao hutazama huko kwa kukosa pa karibu.

Leo kijana hulituma shairi lake katika makundi ya WhatsApp. Husomwa na wengi, hilo sikatai, lakini baada ya kupita mikono kadhaa jina lake limekwisha kuondolewa, na siku akilikuta kwa jina la mtu mwingine hana toleo lenye tarehe la kuonyesha kwamba ni lake, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Wengine huangukia kwa wanaojiita wachapishaji, wanaodai fedha kabla hawajausoma hata ukurasa mmoja wa mswada.

Ndugu Katibu Mtendaji, nalielekeza ombi langu kwako kwa sababu Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 iliyoliunda Baraza ililikabidhi, pamoja na kazi nyingine, jukumu la kuchapisha gazeti au jarida linalohusu lugha na fasihi ya Kiswahili, na la kuwahudumia waandishi wanaotumia lugha hii. Baraza lenyewe liliwahi kutoa jarida la Lugha Yetu. Naomba jukumu hilo sasa lichukue sura ya jarida la kazi bunifu, hata likitoka mara nne tu kwa mwaka na hata likianza kwa intaneti, lenye mhariri anayejulikana, masharti ya kuwasilisha kazi yaliyoandikwa wazi, muda maalumu wa kumjibu mwandishi, na ahadi kwamba hakimiliki inabaki kwake. Ikiwa malipo hayatawezekana mwanzoni, masharti yaseme hivyo. Naomba pia jarida hilo lipokee mashairi ya arudhi, yanayofuata vina na mizani, na mashairi huru, yasiyofungwa na kanuni hizo, kwa haki sawa, kwa kuwa mgogoro wa pande hizo mbili umekwisha kutugharimu watunzi wazuri.

Jarida litahitaji bajeti na muda, nami nalielewa hilo. Lakini ninalo ombi la pili lisilohitaji kusubiri: orodha ya mahali pa kupeleka kazi. Baraza linaweza kukusanya majina ya magazeti, majarida, vipindi vya redio, wachapishaji na tuzo zinazopokea kazi za Kiswahili, likaeleza kila mmoja anapokea nini, kwa urefu gani, lini na kwa masharti gani, likaihuisha kila mwaka na kuipeleka katika shule na maktaba za mikoa. Orodha itokayo kwenu mwalimu ataibandika ukutani bila wasiwasi, na mchapishaji asiyekubali kutaja masharti yake hatakuwamo. Itafaa sana kama ya kwanza itatolewa tarehe 7 Julai ijayo, Siku ya Kiswahili Duniani, na walimu wengi, mimi nikiwa mmojawapo, tuko tayari kusaidia kuikusanya bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili, Tanga