Wazazi, someni maandiko ya watoto wenu

Lubumbashi, mwisho wa trimesta ya kwanza

Wazazi wapendwa, baba na mama,

Jambo kwenu. Buletini za matokeo mtazipata Ijumaa, na mambo ya pointi tutayazungumza siku hiyo. Leo ninawaandikia juu ya zile karatasi zilizobandikwa ukutani karibu na ofisi.

Watoto wa darasa la tano na la sita huandika kila juma habari waliyoichagua wenyewe. Wenzao wanaisoma na kuandika swali chini yake, na mwenye habari anajibu kwa kuiandika upya. Mmoja aliandika: "Mama anauza makala Katuba. Ninampenda." Makala, yaani makaa ya kupikia. Basi. Wakamuuliza: mvua ikinyesha, mama anafanyaje? Akamuuliza mama yake, akarudi na ukurasa mzima: namna magunia yanavyofunikwa bashe (turubai), na jinsi makala yaliyolowa yanavyotoa moshi mpaka mteja harudi tena. Dikte (imla) ina kazi yake na tutaendelea nayo, lakini haimfikishi mtoto hapo. Alijua kuna watu wanaongoja jibu.

Njia hii ina umri. Katika miaka ya 1920, mwalimu Célestin Freinet aliingiza mashine ndogo ya kuchapa darasani kwake, kusini mwa Ufaransa. Watoto wakachapa maandiko yao na kuyatuma kwa wanafunzi wa shule ya mbali, Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Sisi tuna ukuta na gundi.

Baadhi yenu mnauliza kwa nini tunaanza kwa Kiswahili wakati mtihani wa darasa la sita ni wa Kifaransa. Mtoto akianza na Kifaransa, anaandika yale tu ambayo maneno yake yanatosha, na mengi anayoyajua yanabaki kichwani. Habari ikishakamilika, tunaipeleka katika Kifaransa, na hapo sarufi tunaidai kweli kweli.

Wakati wa konje (likizo), mtoto akileta kaye yake, yaani daftari lake la habari, msianze na makosa ya herufi. Hayo tuachieni sisi. Ulizeni jambo mnalotaka kweli kulijua. Msimwandikie, tafadhali. Na mama asiyejua kusoma, asomewe kwa sauti: swali lake lina uzito uleule.

Ukurasa unaotaja ugonjwa, deni au ugomvi wa nyumbani hatuubandiki bila ruhusa yenu.

Kaye zirudi Januari, siku ya kwanza ya masomo, hata zikiwa na ukurasa mmoja tu.

Mkuu wa shule