Ruhusa ya kupiga risasi haitoshi: barua ya wazi kwa mkuu wa operesheni za amani za Umoja wa Mataifa

Kwa Mheshimiwa Jean-Pierre Lacroix,
Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Operesheni za Amani, New York

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Dar es Salaam. Mimi ni raia tu, si mwanajeshi.

Tarehe 13 Julai 2013 wanajeshi 7 wa Tanzania waliokuwa UNAMID, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika nchini Sudan, waliviziwa na kuuawa Darfur Kusini. Siku zile hapa nyumbani kilio kilikuwa kimoja: vijana wetu wamefungwa mikono, wapewe ruhusa ya kujibu mapigo. Kilikuwa kilio cha haki. Lakini kiligusa nusu tu ya tatizo.

Nusu ya pili tuliionea Kongo. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Machi 2013, liliunda brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikapewa kazi ya kuyafuata makundi yenye silaha na kuyasambaratisha badala ya kungoja kushambuliwa. Kabla mwaka haujaisha, waasi wa M23 walikuwa wameshindwa. Kwenye karatasi, brigedi ile ilikuwa na uhuru wa kutumia silaha kuliko walinda amani wengi waliopata kuvaa kofia ya bluu. Hata hivyo, tarehe 7 Desemba 2017 giza lilipoingia, ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, walivamia kambi yake pale Semuliki, eneo la Beni, mashariki mwa Kongo. Watanzania 15 walikufa, kwa hesabu ya uchunguzi wenu.

Uchunguzi huo, ulioongozwa na Dmitry Titov, haukusema kwamba walikosa ruhusa ya kufyatua risasi. Ulisema misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada au kuwatoa. Ulitaja udhaifu wa uongozi, upungufu wa usafiri wa anga, wahandisi na taarifa za kiintelijensia. Ulitaja pia mapungufu ya mafunzo, na hilo ni letu sisi Watanzania kulijibu. Yaliyobaki ni yenu.

Jenerali Santos Cruz wa Brazil naye, aliyewahi kuongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa Kongo, katika ripoti iliyoagizwa na Umoja wa Mataifa wenyewe, aliwaambia wazi kwamba bendera haimkingi tena askari, na kwamba wengi wanakufa kwa sababu ya kutochukua hatua.

Na kuna jambo linalosemwa kwa kunong'ona: masharti ya pembeni ya nchi zinazotoa wanajeshi. Kikosi hiki hakitoki usiku, kile hakivuki mto fulani, kingine hakisogei mpaka mji mkuu uidhinishe. Azimio likisema "tumieni njia zote," sharti la pembeni linasema "ngoja kwanza." Kamanda hulijua siku ametoa amri na wenzake wako kwenye moto. Tanzania ikiwa nayo ina masharti ya namna hiyo, iyaweke mezani.

Sidai askari wapewe uhuru wa kufyatua hovyo. Wanakijiji wa Beni wameshazikana vya kutosha. Ninachodai ni hiki: kambi yoyote isifunguliwe porini kabla msaada wake haujapangwa na kufanyiwa mazoezi, usiku na mchana, helikopta zikiwemo. Nchi yenye sharti ilitamke kabla ya kupakia wanajeshi ndegeni.

Mwezi Machi 2018 mlitoa muhtasari wa uchunguzi wa Semuliki. Tuambieni hadharani, pendekezo kwa pendekezo, lipi limetekelezwa na lipi bado. Familia za wale 15 zijibiwe kwanza, tena kwa Kiswahili.

Wako,
Mwananchi wa Tanzania